Kiti Kilichokula Peke Yake

Wexcombe, siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Kwako kaka yangu mpendwa Godfrey. Kwako Padri Osmund. Kwako Bwana Ambrose, msimamizi wa nyumba yangu. Kwenu mabibi wa chumba changu, na kwenu nyote mnaohudumu ukumbini, jikoni na bandani: salamu za upendo.

Kaka, natumaini mguu wako umepona na safari haikuutonesha. Mimi ni mzima, na uzima huo ndio ninaotaka kuushukuru mbele ya wote. Kwa kuwa mjane wa mfalme haonekani ukumbini kabla ya mwaka kutimia, nakuomba uwasomee barua hii kabla hujatoa hukumu juu ya mpishi Thomasin Pyke.

Nilipomzika mume wangu, chakula kilinikataa. Desturi mnaijua: hata nisipokuwepo, sahani huletwa mbele ya kiti changu, kiti kitupu kikapigiwa magoti, kisha sahani zikarudishwa jikoni. Mliitimiza kila mchana kwa uaminifu, nami nawashukuru. Lakini huku chumbani nilikuwa nakonda.

Mchana mmoja wa Juni, mkiwa mmekipigia magoti kiti, nilishuka kwa ngazi za nyuma, nimevaa gauni la sufu, bila kitambaa cha ujane. Thomasin alikuwa mgeni kazini, hajapata kuniona. Akadhani mimi ni mshonaji mpya. Akaniambia, "Dada, mbona umesimama kama ufagio? Vuta kigoda umenye njegere." Nikamenya. Akanipa mkate na mchuzi kutoka sahani zilizorudi ukumbini, akasema kile kiti cha juu kinalishwa vizuri kuliko sisi sote, na bado hakinenepi. Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikala hadi nikapangusa bakuli kwa mkate.

Siku nne zilizopita Bwana Ambrose aligundua kwamba kuna mwanamke asiyejulikana anayekula kutoka sahani za malkia, akamfukuza Thomasin kama mwizi. Alipomtaka ataje jina la mwanamke huyo, Thomasin alimjibu, "Sikumuuliza jina, bwana. Nilimuuliza kama amekula."

Kaka, mwanamke huyo ni mimi. Tangu njegere za kwanza hadi matufaha haya ya sasa, kila mchana mlipoambiwa ninasali, nilikuwa jikoni. Padri Osmund anisamehe. Na Bwana Ambrose, aliyesifu jinsi sala zangu zinavyorefuka, naye anisamehe. Aibu ilinifunga mdomo siku hizi nne, huku mtu aliyenirudishia uhai akilala kwa dada yake kijijini, akiitwa mwizi.

Basi nimeamua hivi, na utekelezaji ni wenu. Kesho, kabla tanuri halijawashwa, Bwana Ambrose aende mwenyewe, amwombe Thomasin radhi mlangoni, majirani wakisikia, na amrudishe juu ya farasi wangu. Hadi leo hajui alikuwa akimlisha nani, aambiwe taratibu. Kiti kisiletewe tena chakula. Sahani zake ziende langoni kwa wenye njaa. Atakayetaka kunipigia magoti adhuhuri atanikuta jikoni, na aje na kisu chake, maana matufaha ni mengi.

Wasalimie mkeo na mabinti. Nabaki dada yako, mwenye shukrani na mwenye kushiba,

Aveline, Malkia mjane