Mwizi Aliyefunga Springi za Zamani

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA ULAAN-EREG
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Oyunbileg, binti Damdin
Umri: Miaka 34
Kazi: Mganga wa kata ya tatu, anayetibu wagonjwa kwenye mahema yao
Makazi: Kambi ya malisho, bonde la Mto Shar
Tarehe: Jumatano, 26 Septemba 2018

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa tangu juzi Jumatatu hiyo akili yenyewe nimeanza kuitilia shaka.

Ninaendesha jeep ya Kirusi ya rangi ya kijani, mali ya mume wangu Gantulga, ambaye kwa sasa yuko kazini kwenye machimbo ya kusini. Gari hilo ndilo miguu yangu. Kila siku linapita kwenye mawe, mchanga na mto kwenda kwa wagonjwa. Kambini tupo mimi na baba mkwe, kila mtu na hema lake. Afisa ameniuliza jina la baba mkwe. Nimemwomba aliandike mwenyewe, kwa kuwa anamfahamu. Mimi ni mkwe wake. Jina lake halijapita mdomoni mwangu tangu niolewe na sitaanzia polisi. Afisa ameandika: Choijil, miaka 76, mfugaji.

Mnamo mwezi Juni mwaka huu nilikuwa nampeleka mama mjamzito aitwaye Solongo hospitali ya wilaya. Katikati ya Mto Shar gari lilikalia jiwe kwa tumbo, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Solongo alijifungulia kwenye kiti cha nyuma, maji yakiwa yameshaingia ndani. Mtoto ni mzima. Solongo mwenyewe anaisimulia habari hiyo kwa kicheko, lakini mimi sicheki, kwa sababu ilikuwa bahati tu.

Baba mkwe ndiye aliyesema gari linyanyuliwe. Naomba hilo liandikwe vizuri, maana ndilo linalonichanganya kuliko yote. Aliinama akalichungulia chini, akasema, "Mkwe wangu, gari hili lina tumbo la farasi mwenye mimba. Mpelekee Dashnyam alinyanyue, kabla hujamzamisha mtu." Dashnyam ni fundi wa magari hapa makao makuu ya wilaya. Springi zilichukua miezi miwili kufika kutoka mji mkuu.

Wakati tunazisubiri, mwezi Agosti, farasi jike alimpiga teke baba mkwe kwenye muundi wa mguu wa kulia. Kidonda kikakataa kufunga. Kila Alhamisi nilikuwa namleta hospitali ya wilaya kusafishwa. Afisa ameniuliza, kwa ajili ya jalada, kwa nini mganga asimsafishe mkwewe nyumbani. Nimechoma sindano makalio ya nusu ya kata hii, wakubwa kwa wadogo. Mguu wa baba mkwe sijawahi kuuona bila buti. Yeye hawezi kuuweka mtupu mbele ya mke wa mwanawe, na mimi sina mdomo wa kumwambia avue. Ndivyo tulivyolelewa. Basi tunasafiri nusu siku ili daktari afanye jambo ambalo ningelifanya chai ikiwa bado jikoni.

Mnamo tarehe 4 Septemba, siku ya Jumanne, nililipeleka gari kwa Dashnyam. Kulikuwa na springi nne mpya, zile za bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, nene kuliko za mwanzo na zenye bamba la ziada, pamoja na shokapu ndefu za kulingana nazo. Dashnyam alisitasita.

"Daktari, leo Jumanne. Hatuanzi jambo Jumanne. Mzee hatanisema?"

"Kesho nina wagonjwa ng'ambo ya mto. Funga."

"Haya. Ukipinduka, usije kunisumbua ndotoni."

Gari lilipotoka pale lilikuwa refu kiasi kwamba nililazimika kushika mlango na kujivuta ili kukaa kwenye usukani. Dashnyam aliniambia, "Sasa ukitaka kushuka, uanze kuaga mapema." Wiki ile nilivuka mto kila siku wala sikusikia hata jiwe moja likigusa chini. Nilifurahi mno. Springi za zamani na shokapu zake sikuzitupa. Nilizifunga kwenye kamba za hema langu ziwe uzito, upepo usilinyanyue.

Alhamisi ya kwanza baada ya hapo, baba mkwe alikuja hadi kwenye gari akiwa amevaa joho lake zuri. Akaweka mkono mlangoni. Akaangalia kiti, kisha akaangalia vilima.

"Kuna kondoo sijamwona tangu jana," akasema.

"Kondoo gani, Baba?"

"Yule mweupe."

Kondoo wetu karibu wote ni weupe. Akaondoka akichechemea, akaingia zizini na kukaa humo mpaka nilipokata tamaa. Alhamisi ya pili aliweka tena mkono mlangoni, akasema mvua itanyesha. Jua lilikuwa linawaka. Alhamisi ya tatu hakutoka hemani.

Nilipompelekea chai siku hiyo nilisikia harufu ya kidonda. Mimi ni mganga, harufu ile naijua. Nilimpigia simu daktari, akaniambia wazi kwamba mzee akiendelea kukaa nyumbani mguu utakatwa. Nikamfikishia Baba maneno hayo kama yalivyo. Akasema, "Mguu ni wangu." Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia.

Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba kosa ni Jumanne. Nilijua Baba ni mtu wa kuangalia siku, nikadhani ameliogopa gari au amenikasirikia mimi kwa kiburi changu. Kabla ya Alhamisi ile ya tatu nilikuwa nimekwenda kwa lama, kasisi wetu wa Kibudha, akalisomea gari, na mimi mwenyewe nikachoma majani ya mreteni, yale ya kufukizia mikosi, nikalizunguka na moshi, gurudumu kwa gurudumu, hadi macho yakaniwasha. Baba mkwe alisimama mlangoni mwa hema lake akinitazama muda wote.

"Linaumwa?" akauliza.

Nilihamia gurudumu lililofuata.

Tarehe 21 Septemba nilikwenda mkoani kwenye mafunzo ya chanjo, kwa gari la mwenzangu. Gari langu lilibaki kambini. Niliporudi Jumapili jioni niliona kamba za hema langu zimefungiwa gunia la mawe badala ya zile springi za zamani. Nilishangaa kidogo, nikadhani Baba ameuza chuma chakavu, nikalala.

Jumatatu asubuhi nilitoka na mkoba wangu nikamkuta baba mkwe ameshakaa ndani ya gari, kofia kichwani, mikono magotini.

"Leo si Alhamisi, Baba."

"Kidonda hakijui Alhamisi. Twende."

Sikuuliza swali hata moja, kwa furaha. Nilipoingia kwenye usukani niliona nimeingia kirahisi mno, lakini bado sikufikiri kitu. Kwenye jiwe la kwanza chini ya kilima gari liligonga tumbo. Nikashuka, nikalala chini, nikachungulia. Springi zilikuwa zile za zamani, zote nne. Shokapu fupi, za zamani pia. Boliti zimekazwa vizuri na kupakwa grisi. Nikazihesabu tena, maana sijawahi kusikia mwizi anayekuibia kitu kipya halafu akajipinda kukufungia cha zamani.

"Baba, tumeibiwa springi," nikasema.

Alikuwa anaangalia mbele. "Basi ni mwizi mwenye adabu. Gari si linatembea?"

"Nakwenda polisi."

"Polisi wana kazi nyingi. Twende hospitali."

Nilimpeleka hospitali kwanza. Daktari alisafisha kidonda, akasema mguu bado unaweza kupona, arudi leo Jumatano na kila baada ya siku mbili. Kisha nikaja hapa kuripoti wizi. Baba mkwe alikataa kuongea nami njia nzima ya kurudi, nikazidi kutoelewa, kwani mguu wake ulikuwa umepata matumaini na springi zilizopotea zilikuwa zangu.

Jana Jumanne afisa alinipigia simu kwamba springi na shokapu zangu zimekutwa kwenye karakana ya Dashnyam, zimeviringishwa kwa blanketi la manyoya, na kwamba Dashnyam amewekwa ndani. Leo asubuhi nimeruhusiwa kuongea naye.

"Dashnyam, wewe ndiye uliyezifunga, na wewe ndiye uliyezifungua?"

"Ndiyo."

"Ulitaka kuziuza?"

"Nimuuzie nani, Daktari? Wilaya nzima inajua ni zako."

"Na boliti za zamani ukazipaka grisi."

"Sipendi kazi mbaya."

"Sasa kwa nini?"

Alitazama ukuta, akasema, "Waandike nimeiba. Wewe nenda nyumbani." Dashnyam ana watoto watatu na karakana yake imefungwa tangu jana. Hajawahi kuchukua kitu cha mtu. Afisa ameniuliza kama namfahamu kuwa mwizi. Nimejibu hapana. Ameniuliza kama nataka ashtakiwe. Nimejibu sijui, na hilo ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo kwa wakati huo.

Nikiwa nimefika hapo katika maelezo yangu, baba mkwe alisukuma mlango. Alikuwa ameachwa kwenye benchi la nje, na ukuta wa kituo hiki ni mwembamba.

"Andika jina langu mara ya pili," akamwambia afisa. "Springi nilizifungua mimi."

Afisa alimwangalia. "Mzee, na mguu huo?"

"Mikono ya Dashnyam, maneno yangu. Nilimpigia simu aje, mkwe wangu akiwa mkoani. Nilimwambia akimtajia mtu yeyote, nitamshtaki kwa marehemu baba yake siku nikifika huko. Mfungulie, ana kazi."

"Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetaka gari linyanyuliwe."

"Nilitaka. Wakati huo nilikuwa na miguu miwili." Alivua kofia, akaivaa tena. "Gari limerefuka. Mguu wangu haukurefuka."

Hapo ndipo nilipoelewa mkono mlangoni, na kondoo mweupe, na mvua. Mzee huyu alikuwa tayari kukatwa mguu kuliko kuniambia kwamba hawezi kupanda gari. Nami nikawa nafukiza magurudumu. Niliona aibu, nikaona na hasira pia, na sijui ipi ilitangulia.

Nilimwambia, "Baba, si ungesema tu?"

"Nikwambie nini? Uninyanyue kama kondoo wa kunyolewa manyoya?"

Afisa alishauri tutafute kigoda cha kupandia. Baba mkwe alimtazama sana. "Kijana, mimi nimepanda farasi kabla sijajua kuongea. Nipande kigoda, mkwe wangu akiangalia?"

Nikamwambia afisa aandike kwamba sidai chochote, Dashnyam aachiwe, na springi za zamani zibaki zilipo. Mto nitauzunguka kwa daraja la juu, kule unakotokea.

"Daraja la juu ni mwendo wa siku nzima," baba mkwe akasema. "Mtu anaumwa uchungu wa kuzaa, wewe unazunguka? Zirudishwe zile ndefu."

"Na wewe, Baba?"

Alimuuliza afisa kama kuna maji ya kunywa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na nimesomewa yote nikayakubali. Jina la baba mkwe limeandikwa na afisa kwa mkono wake, mimi sikulitamka.

Sahihi: Oyunbileg D.

MAELEZO YA AFISA: Mimi Sajini Baljinnyam nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Mzee Choijil amethibitisha mbele yangu sehemu inayomhusu. Dashnyam ameachiwa saa saba mchana na kukabidhiwa springi na shokapu, ambazo alizifunga upya kwenye gari la shahidi katika uwanja wa kituo hiki, kwa jeki ya kituo. Kazi ilimalizika jioni. Mimi nilishika tochi.

Naongeza lifuatalo kwa kuwa nililiona mwenyewe. Gari lilipokuwa tayari, Mzee Choijil aliweka mkono mlangoni akasimama. Shahidi alisimama nyuma yake, mikono mbele, bila kumgusa. Dashnyam akajifanya anatafuta spana. Kisha mzee akasema, bila kugeuka, "Mwanangu, unangoja nini? Kwapani utanishika. Kidonda atakishika daktari wa hospitali. Tusivunje miiko yote ya nyumba siku moja."

Shahidi alimshika kwapani akampandisha. Hawakutazamana. Mzee alipokwisha kukaa alinyoosha mgongo, akaangalia juu ya ukuta wa kituo, akasema kwamba kutoka pale anaona mbali, kama yuko juu ya farasi.

Hakuna kosa lililotendeka. Jalada limefungwa.