Ua la Kwanza la Wanyoike

Milimani, Nakuru
Agosti 1955

Kwako kaka yangu Wanyoike, huko kizuizini,

Salamu zetu zikufikie ukiwa mzima. Umeuliza habari za waridi lako kabla ya kuuliza za watu. Ndiyo tabia yako, basi nitaanza nalo.

Kile kitawi ulichopanda kwenye kopo la samli kimeshika mizizi. Kuku wa jirani walikichakura, nikawafukuza kwa mawe. Majuzi kilitoa ua dogo kama kifungo cha koti. Memsahib wetu huita rangi yake aprikoti, jina la tunda la kwao. Mama alisema ni rangi ya malenge yaliyopondwa kwa maziwa, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa akilimwagilia kila asubuhi, hata kifua kilipombana.

Uliniagiza ua la kwanza nisilikate, eti utamkatia Mama kwa mkono wako siku ya kurudi. Nilingoja, kaka. Niliomba wakuruhusu uje umwone, wakakataa.

Nisamehe. Jumamosi nililikata, nikamwekea mkononi kabla hawajafunga jeneza.

Tumba lingine limetokea. Hilo sitaligusa, ila sijui utamkatia nani.

Dada yako anayekungoja,
Wangeci