Aliyeniitikia Marahaba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: tangu mwezi uliopita nimekuwa nikimwamkia amplifaya, na amplifaya ananiitikia.

Nimeandika "ananiitikia". Mwalimu wangu wa Kiswahili angepiga mstari mwekundu hapo na kuandika "inaniitikia" pembeni. Nimelisoma tena neno hilo na silifuti.

Leo ni Jumamosi, Desemba. Upepo umevuma tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Ikungi, yakatutazama, yakaondoka. Watu wameshalima, mbegu za alizeti ziko ndani, na mvua haisemi lolote. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, jua bado lipo.

Nianze vizuri. Tangu nimalize kidato cha nne nashinda ofisini kwa baba mdogo. Ni banda la bati karibu na soko, lakini mafundi wote wa mtaa ule huita mabanda yao ofisi. Zamani alikuwa fundi redio. Siku hizi anatengeneza amplifaya za gitaa, na si hizi nyepesi za kubonyezabonyeza. Za kwake ni mpya kwa umbo la zamani, zenye valvu, zile taa ndogo za kioo ambazo ndani yake kuna uzi unaowaka kama kaa linaloanza kufa. Sanduku ni la mninga. Vifaa huagiza Dar es Salaam. Watu wa kwaya wanazipenda kwa sababu, wanasema, sauti yake ina nyama.

Kielelezo chake ni amplifaya ya babu, yaani baba yake mzazi, aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi kule Manyoni. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Amplifaya yake ni mbovu, ipo kwenye rafu, mgongo wazi, na baba mdogo akikwama huichungulia kama mwanafunzi anayetafuta majibu nyuma ya kitabu.

Wateja humwuliza kama anachowauzia ni kipya au kikuukuu. Hujibu kwamba ni mtoto aliyerithi jina. Kwetu mtoto akipewa jina la babu yake, hata kama bado ananyonya, wakubwa humwita babu, na wengine humwamkia kwa utani. Ndiyo sababu baba mdogo huzisema amplifaya zake kama watu. Amelala. Ameamka. Huyu ana mafua leo. Kila moja ina swichi mbili: ya kwanza ya kumwamsha, na ya pili, baada ya kusubiri kidogo, ya kumruhusu aongee.

Nilikuwa nikicheka moyoni. Mimi si mtu wa kucheka kwa sauti. Shuleni nilikuwa yule ambaye mwalimu humwambia arudie jibu, kisha jirani yake analirudia kwa niaba yake.

Siku ilipotokea mara ya kwanza niliingia ofisini asubuhi, upepo ukaufunga mlango nyuma yangu. Kwenye meza kulikuwa na amplifaya mpya ya kwaya ya Iguguno, swichi zote mbili juu, ameachwa amewaka muda mrefu ili akomae, kama baba mdogo anavyosema. Nilidhani mwenyewe yuko nyuma ya pazia. Nikaamkia.

Shikamoo.

"Marahaba."

Ilikuja kabla sijamaliza. Ilikuwa sauti nyembamba ya mwanaume, na mwisho wake ulilia kidogo kama glasi iliyogongwa kwa ukucha. Nilisogeza pazia. Palikuwa na ndoo, ngazi na koti lake. Baadaye kidogo baba mdogo akaingia kutoka kwa seremala amebeba mbao begani, nikamwamkia tena, akaitikia kwa sauti yake nzito ya kila siku. Haikuwa ile.

Nilijipa sababu. Amplifaya za valvu wakati mwingine hunasa stesheni ya redio. Labda ni jirani, muuza mafuta, alikuwa akiitikia mteja wake. Kesho yake nilimsubiri baba mdogo atoke, nikajaribu maneno mengine karibu na lile sanduku. Nikasema habari. Nikasema hodi. Nikataja jina langu. Nilichosikia ni sauti yangu mwenyewe ikirudi, nyembamba, kama niko chini ya kisima.

Nikasema shikamoo. Akaitikia.

Bibi alitufundisha kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nimeliwaza sana hilo. Lakini mimi sikuitwa. Mimi ndiye niliyeanza.

Nikawa namwamkia kila nikibaki peke yangu. Sikuwa na ujasiri, ila adabu ilinisukuma: ukishajua kwamba mkubwa yupo chumbani, utapitaje bila kumwamkia? Siku moja baada ya marahaba akaongeza kitu, "Hamjambo?" Si hujambo. Hamjambo. Niligeuka kutazama ni nani mwingine aliyekuwa nami. Hapakuwa na mtu. Nikatoka nje nikasimama juani.

Nilipokwenda Ikungi kumsalimu bibi, tukiwa tunapepeta mtama nilimwuliza kwa mbali babu alikuwa na sauti ya namna gani. Bibi akacheka peke yake kwanza, ndipo akanijibu.

"Nyembamba. Na haraka zake! Unamwamkia, hujamaliza, ameshaitikia. Hata gitaa alilipiga hivyo hivyo, wenzake wanamkimbiza nyuma."

Nilishika ungo wangu nikaendelea kupepeta. Nadhani nilipepeta ardhini.

Sasa nieleze kuhusu valvu, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Baba mdogo alipokuwa akiimalizia amplifaya ya Iguguno, valvu moja ndogo kutoka Dar ilifika imepasuka. Akaomba nyingine, na huku akisubiri akachomoa moja kwenye amplifaya ya babu. Alisema wajina anamwazima mwenzake kwa muda tu. Valvu hiyo ndogo huvikwa kofia ya bati, kwa hiyo ikishachomekwa huioni tena. Ile mpya ilipofika, aliiweka kwenye rafu ndani ya boksi lake. Siku zikapita, haibadilishi. Nilidhani amesahau.

Na valvu ya babu ilikuwa na sikio. Ndivyo mafundi wanavyosema: valvu ikizeeka hulegea ndani, ukiigonga na penseli inalia, ukiongea karibu nayo inabeba sauti yako. Nyumbani haina neno. Kanisani, gitaa likipanda, valvu yenye sikio hujisikia yenyewe na kuanza kulia, na hailii vizuri. Mwaka jana amplifaya yake moja ilibweka katikati ya ibada ya mazishi, na mpaka leo watu wa kijiji hicho wanamwita fundi wa mbwa. Anacheka wakisema hivyo. Lakini kule hajauza tena.

Kwa kwaya ya Iguguno alikuwa akiahirisha tu. Wakija, anasema bado. Mwalimu wa kwaya, mama mmoja mcheshi mwenye sauti ya kufika barabarani, wiki iliyopita alisimama mlangoni na kumwuliza, "Fundi, huyu mtoto wako haachi ziwa?"

"Bado hajazoea watu," baba mdogo akamjibu.

"Atawazoea lini, na umemfungia ndani kama mwali?"

Akamwambia Jumamosi hii bila kukosa. Akachukua kitambaa, akawa anafuta sanduku lililokwisha kung'aa.

Basi ndiyo leo. Asubuhi alitoka kutafuta kamba na turubai. Nikabaki na ile amplifaya, na nikajua kwamba kesho wataipiga kanisani, italia mbele ya watu wote, na jina la baba mdogo litaharibika Iguguno kama lilivyoharibika kule kwingine. Nikajua pia kwamba nikimkumbusha valvu mpya, ile ya zamani, kwa kuwa ina sikio, ataitia nyundo hata kama ni ya babu. Huzivunja zote mbovu ili zisichanganyike na nzima. Sikutaka aivunje.

Nilizima swichi ya pili, kisha ya kwanza. Nikasubiri kama nilivyofundishwa. Nikafungua mgongo, nikaivua kofia ya bati, nikaichomoa valvu kwa kitambaa.

Ilikuwa nyeupe juu.

Kitu cha kwanza kabisa alichonifundisha baba mdogo ni hiki: ndani ya kioo cha valvu nzima, juu kabisa, kuna doa la rangi ya fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hewa ikipenya, doa lile hugeuka jeupe kama maziwa. Hapo amekufa. Hatoi sauti, habebi sauti, hakuna dawa.

Na jana jioni mimi mwenyewe nilipiga gitaa kwenye amplifaya hiyo, ikaimba.

Sijui kama kioo kilipasuka mkononi mwangu wakati nachomoa. Nimeutafuta ufa kwa ncha ya kidole, sijauona. Kama si mimi, basi alikuwa amekufa siku zote hizo nilizomwamkia.

Nilichomeka mpya. Nikaiwasha, nikasubiri, nikairuhusu iongee. Nikasema shikamoo. Kukawa na mvumo tu, safi, mzuri, wa mashine. Nikaigonga kwa penseli, haikulia. Kazi yangu ilikuwa nzuri. Valvu ya zamani nikaitumbukiza ndani ya soksi ya shule niliyokuwa natumia kufutia vumbi, nikaitia mfukoni, nikapanga kumweleza baba mdogo akishakunywa chai.

Aliporudi hakunipa nafasi ya kusema. Alinipa chupa akaniambia nikachukue chai kwa mama ntilie, nisikimbie, wenye mali bado wako njiani. Lakini upepo ulikuwa umejaa vumbi, nikakimbia. Nilirudi mapema. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, nikausukuma kwa bega.

Baba mdogo alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. Mtu mzima, ndevu zina mvi, ameuweka mkono juu ya sanduku la mninga kama unavyomshika mgonjwa bega.

"Shikamoo, baba," akasema.

Akasubiri. Ule mvumo ukaendelea. Bati likagonga juu ya paa, likatulia. Akasogeza kinywa karibu zaidi na kile kitambaa cha mbele kinachofunika spika.

"Shikamoo, baba. Wanakuja kukuchukua."

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nje, chupa ya chai imenikumbatia kifua kwa moto wake. Nilisimama ukutani. Nikaelewa kuhusu Jumamosi zote zilizoahirishwa, na valvu mpya iliyokaa kwenye boksi lake, na kwa nini siku ile tuliulizwa hamjambo: tulikuwa wawili tuliokuwa tukimwamkia.

Pikapu ya Iguguno ikafika. Nilijifanya ndiyo kwanza nafika. Baba mdogo alikuwa amesimama, amezima swichi zote mbili, uso wake mkavu. Mwalimu wa kwaya akajaribu gitaa, akafurahi, akasema huyu sasa kakua. Vijana wake wakaifunika turubai. Wakati wanafunga kamba, baba mdogo alinisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama asubuhi nilisikia kitu chochote kwenye mashine hii, chochote kile.

Alisema "mashine hii". Sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Nilitikisa kichwa. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya soksi. Ningeweza kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nimemwokoa asiitwe fundi wa mbwa? Kwamba babu nimemtia kwenye soksi, na juu ni mweupe?

Pikapu ikaondoka na vumbi lake. Aliketi kwenye kiti chake, akainywa chai bila sukari na hakugundua. Akasema Jumatatu tunaanza mwingine.

Sasa jua limeshuka nyuma ya mawe na valvu ipo hapa mapajani mwangu. Nimeigeuza mara nyingi. Bado ni nyeupe. Kila kitu nilichofundishwa kinasema hii haiwezi kufanya kazi tena, lakini kila kitu nilichofundishwa kilisema pia haingeweza kufanya kazi jana, na ilifanya.

Nimeamua hivi. Huyo mwingine akishakamilika, kabla ya kuamshwa mara ya kwanza, nitaichomeka mahali pale pale na kuivika kofia yake. Kisha nitaomba niende kuchukua chai, na safari hiyo sitakimbia. Naogopa kwamba hataitikia. Naogopa pia kwamba ataitikia. Lakini si mimi wa kumwamkia safari hiyo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, sikujui, nawe hunijui. Nakuomba jambo hili liishie kwako. Ukifika Singida ukapita ofisini kwa baba mdogo, msalimie kama fundi yeyote, tazama kazi zake, usimwulize kitu. Mwache aamini kwamba baba yake amerudi mwenyewe.