Matumbawe ya Ouma

Jumatatu, 6 Mei
Joto la maji, nyuzi ishirini na sita. Maji yamepungua kidogo, nikaongeza jagi moja. Matumbawe saba ya bahari, mabeseni mawili, chumba cha dobi cha hoteli. Tangi kubwa la mapokezi bado halijakauka gundi. Meneja anataka bahari Kisumu, na ziwa zima liko ng'ambo ya barabara. Haya. Kazi ni kazi.
Aliyeyakuza ni Ouma, kaka yangu, kwenye shamba la matumbawe huko pwani. Kila moja alilibandika kwenye kisahani cha saruji na kuandika namba kwa mkono wake. Yalifika Alhamisi. Ijumaa moyo wake ukasimama, akafa. Sijalia. Sijui kwa nini.

Jumanne, 7 Mei
Mwili umefika mochari ya hapa mjini. Baba mdogo alipiga simu kutoka kwetu Ahero. Miaka yote hiyo pwani, Ouma hakujenga nyumbani. Mwanamume mzima hazikwi bila nyumba yake, kwa hiyo lazima tumsimamishie moja kwanza. Lakini boma limejaa mafuriko, nguzo hazishiki. Tungoje.
Gundi nayo, tungoje.

Alhamisi, 9 Mei
Umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi saa nane. Pampu kimya. Nilikoroga kwa jagi, beseni hili, kisha lile. Mkono ukafa ganzi. Sasa umefanana na mwili wote.
Meneja alisimama mlangoni. Yakifa haagizi mengine, ataweka samaki wa plastiki. Niliendelea kukoroga. Hata akiagiza, hayatakuwa ya Ouma.

Jumamosi, 11 Mei
Maji yameshuka Ahero. Nguzo ya kwanza haichimbiwi bila ndugu wa marehemu, na ndugu ni mimi tu. Tope hadi magotini. Nimelala huku.
Mabeseni nimemwachia Mama Zainabu, anayefua mashuka hotelini. Nilimwambia ayaangalie, basi. Siku hizi maneno yananichosha.

Jumapili, 12 Mei
Nimerudi. Yote yamejikunja, yanatoa ute. Kipima chumvi kimepanda kupita kiasi.
Mama Zainabu alinipokea kwa furaha. "Bwana Otieno, hiyo maji ilikuwa imeshuka sana. Nikasema hii vitu ni ya bahari, itakufa. Nikaongeza maji, nikaweka na chumvi ya jikoni pakiti mbili."
Nilitaka kukasirika. Sikuweza. Maji yakikauka, chumvi hubaki mle mle. Unaongeza maji matamu peke yake, yasiyo na chumvi. Ni sentensi moja. Ningeisema jana asingekosea. Kosa ni langu.
Nilipomweleza alikaa juu ya rundo la mashuka, akafunika uso kwa leso.
Natoa jagi moja, natia jagi moja la maji mapya. Polepole. Nikiharakisha nitayamaliza mimi mwenyewe.

Jumatano, 15 Mei
Namba nne imekuwa nyeupe pe. Namba sita vilevile. Zimekufa. Nimezitoa. Nimezifunga kwenye gazeti na kuziweka kwenye begi langu.
Leo si zamu ya Mama Zainabu, lakini alikuja kutoka kwake Kondele kushika jagi. Yeye anatoa, mimi natia.
Ahero mabati yamepigwa. Mlango bado.

Jumamosi, 18 Mei
Tumemzika.
Jana jeneza lililala ndani ya nyumba yake. Chumba kimoja, sakafu ya udongo, harufu ya mbao mbichi. Amekaa kwake usiku mmoja. Watu walilia sana. Mimi nilishika sepetu. Namba nne na namba sita nimeziacha ndani, kwenye dirisha. Baba mdogo alifunga mlango, akanipa ufunguo.
Hotelini Mama Zainabu amebandika karatasi ukutani, herufi kubwa: MAJI MATAMU TU.

Jumanne, 21 Mei
Tangi tayari. Tumehamisha matano yaliyobaki, mimi na Mama Zainabu. Alibeba kila kisahani kwa mikono miwili. Yamejifunga. Meneja anauliza kama yamekufa. Sijui, nikamwambia. Ni kweli sijui.

Alhamisi, 23 Mei
Nimepita mapokezi asubuhi. Yote matano yamefunguka. Vidole vyake laini vimetoka, vinacheza na maji. Ukiinama unasoma mwandiko wa Ouma kwenye saruji: moja, mbili, tatu, tano, saba.
Sikuita mtu. Nilichukua jagi, nikaenda dobi kama kila siku. Mabeseni yameoshwa, yameegemezwa ukutani. Nikasimama na jagi langu. Hakuna tena cha kuongezewa maji.
Hapo ndipo nikalia. Kwa sauti, kama mtoto.
Mama Zainabu alifunga mlango, akawasha ile mashine kubwa ya kufulia, yenye kelele. Haikuwa na nguo ndani.