Kiti cha Mwenye Tai

Crystal, Minnesota
4 Machi 1997

Baba mpenzi,

Assalam alaykum, na shikamoo. Miguu yaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu ndiyo yanitesa.

Tangu nipate uraia nilijua iko siku nitaitwa mahakamani. Basi nimeitwa. Tu watu kumi na wawili, raia wa kawaida, twaamua kesi ya kijana mmoja, na hakimu ametukataza kuisimulia. Nakwambia la leo tu. Tuliingia chumbani kumchagua mwenyekiti wetu, kila mtu kasimama. Nikavuta kiti cha kichwani mwa meza, nikamkaribisha Bwana Martin, meneja wa kampuni huko Plymouth, mji wa jirani, mwenye tai. Si ulitufunza kupisha wakubwa? Akakaa. Mtu akasema, “Basi mwenyekiti ndiye huyo,” wote wakaitikia. Hata koti sijavua.

Nina shaka na kesi hii, ila Bwana Martin ana haraka. Niombee.

Mwanao, Arafa

Mombasa
20 Machi 1997

Mwanangu Arafa,

Wa alaykum salaam. Miguu ni ile ile, lakini msikitini nafika. Mamako asema vaa soksi mbili.

Barua yako nimewasomea majirani barazani. Uko Marekani na hujasahau kumpa mkubwa kiti! Nimejidai kweli. Na kijana huyo asikukoseshe usingizi. Wazee wa baraza mahakamani hutoa rai tu, hakimu ndiye hukata. Mkikosea atawarekebisha.

Babako, Hussni

Crystal
9 Aprili 1997

Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Kesi imekwisha, sasa naruhusiwa kusema. Hakimu wa huku hakati, baba. Tulikata sisi.

Kijana aitwa Maurice, muosha vyombo, alishtakiwa kupora dukani. Shahidi alimwona kutoka ng'ambo ya barabara, theluji ikianguka. Margaret, dereva wa basi la shule, alitaka tuuzungumze tena ushahidi ule. Bwana Martin akatazama saa. “Margaret, hilo tushalipita.” Wengine wakacheka. Nami, msafisha vyumba vya hoteli, nikajiambia mwenye tai ajua zaidi, nikainua mkono kuwa ana hatia. Sharti wote kumi na wawili tukubaliane. Margaret alishikilia peke yake mpaka jioni, kisha naye akachoka. Ningemuunga mkono, tungekuwa wawili.

Hakimu akatuuliza mmoja mmoja kama ndivyo tulivyoamua. Nikajibu ndivyo, mamake Maurice akinitazama. Jana nimesikia kijana amepewa kifungo cha miaka minne. Sina la kufanya, baba, nimeuliza kote.

Usinisifu tena barazani. Ulinifunza kiti apewe mkubwa. Bwana Martin ni rika langu. Mkubwa wetu alikuwa Margaret, ana wajukuu, na siku ile ya kiti nilimwona ameegemea ukuta.

Mwanao, Arafa