Mtoto Aliyeupa Mtaa Wetu Jina

Kwa Mwidani, Likoni.

Kaka yangu Abdulghani,

Shikamoo, na amani ya Mungu ikufikie huko Maskati. Natumai kifua kimepona na kazi inakwenda. Sisi huku miili ni mizima. Vichwa ndivyo vinavyotuuma, na anayeviumiza ni ami yetu Abdulaziz.

Barabara imetiwa lami, na kaunti inataka kusimamisha kibao cha jina la mtaa. Wewe na mimi tungesema "Kwa Mwidani" tukaenda zetu kula. Ami hakutaka. Alitaka "Mji wa Sheikh Mwidani", maana huwaambia watu kuwa huyo alikuwa babu yetu shujaa, aliyefyeka msitu peke yake na kufukuza chui. Jirani yetu Mzee Kaingu akacheka, akasema waliofyeka ni wazee wake. Basi, ikawa vita. Ami akatukataza hata kuteka maji kisimani kwao, na harusi ya Kanze binti Kaingu hatukwenda. Kanze niliyecheza naye tangu utotoni! Wallahi nililia kwa hasira. Afisa wa kaunti naye akasema tusipopatana, mtaa utapewa nambari.

Nilichoka. Nikaenda Timbwani kwa Bi Kafedha, shangazi yake ami, nikamwomba anieleze huyo sheikh alikuwa nani. Akasema, "Sheikh gani, mwanangu? Mwidani alikuwa kaka yangu wa kwanza. Alikufa angali ananyonya."

Akanieleza kuwa wazazi wake walikuwa wapita njia tu, wakitafuta shamba upande wa Kwale. Mtoto akashikwa na homa, akafa hapa. Babu wa huyu Mzee Kaingu akawapa mahali pa kuzika, akachimba pamoja nao. Asubuhi baba alipofunga mizigo, mama alikataa kuondoka. Alisema hamwachi mwanawe peke yake ugenini. Wakajenga kando ya kaburi. Majirani waliokuja na chakula wakiulizwa waendako, walijibu, "Kwa Mwidani."

Nikampelekea ami habari hiyo nikidhani atashangaa. Kumbe alijua siku zote! Akaniuliza kama nataka tuchekwe, mtaa mzima kuitwa jina la kitoto kisichowahi hata kutambaa.

Sasa sikia nililolifanya, kabla hujalisikia kwa wengine. Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikayasema yote mbele ya watu. Ami alivaa viatu, akaondoka. Hakuna aliyecheka. Mzee Kaingu alisema kibao kiandikwe jina la mtoto, basi.

Kibao kimesimama. Ami hanisemeshi. Ila jana asubuhi nilimkuta amechutama kaburini anang'oa majani, na Mzee Kaingu amesimama nyuma yake akimwambia anang'oa vibaya. Wakaanza kugombana. Sikuwaamua.

Mpigie ami simu, wewe anakusikiliza. Wasalimie wifi na watoto, uwabusu kwa niaba yangu.

Mimi nduguyo akupendaye,
Rahima