Begi Lililomkaa Baba

Nyumbani, Dakota Kaskazini
19 Novemba

Kaka yangu mpendwa Leif,

Natumaini barua hii itakukuta melini ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha Oktoba kimekuacha. Sisi huku tunaendelea kiasi. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi za sufu alizokufumia. Baba anashinda karibu na jiko, mguu juu ya stuli. Daktari amesema nyonga itaunga, lakini bwawani kuwinda bata harudi tena.

Najua umemkasirikia. Uliposema kwenye simu kwamba ni mkaidi kama nyumbu, na kwamba hutazungumza naye mpaka akiri kosa, alikuwa kando yangu na alisikia. Aligeukia dirishani tu. Ndiyo maana naandika, kwa kuwa wajua mimi kusema siwezi.

Ulipoondoka uliniachia kazi mbili: nichague begi la mgongoni la kubebea wale bata wa plastiki wa kuwavutia bata wa kweli, kisha mbebaji niwe mimi, maana nyonga ya Baba ilikuwa mbovu tangu aanguke ghalani. Kutoka getini, gari linapokatazwa, mpaka kwenye matete ni maili moja na nusu ya tope, na lile gunia la zamani lilikuwa likikukata bega. Nilisoma wiki mbili nzima. Nilijua begi liwe na kitako kigumu ili lisimame topeni, matundu ya kutolea maji, mikanda inayorefuka juu ya koti nene, na rangi ya majani makavu. Muuzaji alinisisitizia jambo moja: nipime mgongo wa atakayebeba, kuanzia mfupa wa shingo hadi nyonga, kwa sababu begi lisilomkaa mtu humvuta nyuma.

Lilipofika, Baba alilizunguka sakafuni akaniuliza, Profesa, umeleta begi au kibanda cha kuhamia? Jirani yetu Bwana Odegaard akasema kwamba wakikosa bata, angalau Baba atarudi amebebwa humo. Wakacheka. Kisha Baba akalijaribu juu ya koti lake la kuwindia. Lilimkaa barabara. Alifunga mkanda wa kiunoni, akanitazama, na kicheko kikamwisha.

Jumamosi akaenda peke yake. Aliteleza kwenye mfereji wa pili akiwa na bata ishirini na wanne mgongoni, akaangukia ile nyonga. Bwana Odegaard alimkuta saa nne asubuhi, maji ya baridi kali yamemfika kiunoni, ameegemea begi.

Baba amewaambia watu wote, hata wewe, kwamba nilikuwa na mtihani wa kuombea chuo, na kwamba yeye ndiye aliyekataa kusubiri wiki nyingine. Leif, hakukuwa na mtihani. Nilikuwa chumbani chini ya blanketi. Alipobisha nilijifanya nimelala, naye akasema polepole kwamba haidhuru, nipumzike.

Na mgongo niliopima haukuwa wangu. Nilimpima yeye akiwa anakaanga mayai. Alipouliza ninafanya nini, nilisema ni hesabu za shule. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba siwezi kumshika bata aliyekufa ambaye bado ana joto. Nikaona begi litasema kwa niaba yangu. Likasema, naye akaelewa palepale.

Nimemwomba aniache nikuambie ukweli. Amekataa. Anasema hasira zako kwake zitapoa, lakini wewe na mimi tuna miaka mingi mbele, na hataki jambo hili likae kati yetu.

Nikasirikie mimi, sitajitetea. Ila mpigie Baba. Kila Jumapili jioni anaisogeza simu karibu na mkono wake, na Mama akimwangalia, Baba husema anatafuta miwani. Miwani anakuwa ameivaa.

Wasalimie wenzako wa melini, na ujikinge na upepo wa ziwani.

Mimi mdogo wako,
Signe